Rangi Mbili

Aliingia na vumbi la Kigombe kwenye kope,
mguu wa kulia kaufunga kipande cha kanga
iliyobakiwa na neno moja la jina lake: *subira*.
"Dada, nipe rangi mbili. Mbili tu."
Nikamkatia mbili. Mkasi, karatasi ya gazeti, shilingi mia mbili.
Ilikuwa saa saba, Barabara ya Kumi na Mbili ina jua lisilo na adabu,
foleni imefika kwa fundi cherehani.
Nani angekumbuka kuuliza?

Sikuuliza ni za kumeza au za kupasua.
Hapa Ngamiani twajua sote:
unakishika kidonge kwa kucha,
unatenga wekundu na weusi,
unga wake unaunyunyiza kidondani
kama chumvi kwenye muhogo wa kuchoma,
na asubuhi unasema kimekauka.

Kimekauka juu.

Siku ya tisa akaja mkewe, Siwema,
na kile kile kipande cha gazeti, kakikunja vizuri.
"Zile zile," akasema, "safari hii nne.
Ni mwiba wa mkonge tu,
lakini mguu umejaa mpaka gotini, na usiku anaongea na marehemu baba yake."
Nikafunga duka mchana kweupe.
Bajaji ya kwenda Bombo sikupatana bei.

"Tunaotesha," aliniambia Mwanakombo wa maabara.
Neno la shamba, hilo.
Usaha kidogo kwenye kijiti cha pamba,
kisahani chenye mlo wa rangi ya supu iliyoganda,
joto la mwili wa mtu, na kungoja.
Juu yake vidoti sita vya karatasi,
kila kimoja kimelowa dawa yake.

Siku ya tatu akakiinua kisahani dirishani.
Vijidudu vimestawi kama ukoga wa birika.
Kidoti cha rangi mbili: vimeota hadi mlangoni pake,
vimekiegemea
kama mbuzi wanaoegemea ukuta wa kituo cha polisi.
Cha pili vivyo hivyo.
Cha tatu.
Cha nne, duara dogo, la kusitasita.
Cha tano, nikashika pumzi,
uwanja. Mtupu. Kama mtu kapita alfajiri na ufagio wa chelewa
na hakuna kilichothubutu kukanyaga tena.
Cha sita sikukitazama.

Mwanakombo hakunilaumu. Ingekuwa nafuu.
Alinieleza tu: kijidudu kina ukuta,
na dawa ya namna hii humvizia fundi
wakati nyumba inapanuliwa, ikauacha ukuta na ufa.
Wahenga walituhimiza kuziba ufa. Huku, ombea ufa.
"Lakini ukiitupia dawa kiganja kimoja,
wanakufa wanyonge. Wanaobaki
ndio watakaozaa."
Nikahesabu. Viganja vingapi, miaka sita, mkasi ule ule?

Akaanzishiwa ya kidoti cha tano, sindano kila saa nane:
kumi na mbili asubuhi, nane mchana, nne usiku.
Siwema akaziandika kwa kalamu ya bluu ndani ya mkono wake
na kila muuguzi aliyechelewa alionyeshwa mkono.
Siku ya nne homa ikashuka. Shemndolwa akaomba chai,
akaomba suruali.
"Nimepona. Mkonge haunisubiri."
Siwema akaikalia suruali.
"Umekauka juu," akamwambia,
wala hakujua kwamba mimi, mlangoni, nimeinamisha kichwa.

Siku kumi na nne. Alitoka akichechemea.

Sasa nauliza. Za nani? Kidonda au kifua? Cheti kiko wapi?
Jana mama mmoja, mtoto ana mafua, kamasi nyepesi kama maji.
"Nipe rangi mbili."
Nikamwambia mafua hayana ukuta wa kubomolewa,
mpe maji, mfute pua, akibanwa na pumzi mkimbize.
Akanitazama kama niliyemnyima chumvi.
Akavuka barabara.

Duka la ng'ambo halina maswali.
Nimesikia mkasi.